Miraba ya vitenge na paka wa figo: jibu kwa msomaji wa Kigoma

Swali: "Naishi Mwanga, Kigoma. Nina paka jike wa miaka 14, kilo 3, anaugua figo. Daktari wa mifugo amenifundisha kumpa dripu ya Ringer chini ya ngozi, mililita 100, leo nampa kesho napumzika, na nimlishe kidogo kidogo mara tano kwa siku. Kwa kuwa sitoki sana, nimechukua mfuko wa mabaki ya vitenge kwa fundi jirani nishone mfarishi wa kitanda. Nina cherehani ya kukanyaga. Nakata vipande vya sentimita 10, naunganisha tisa tisa, lakini mraba mmoja unatoka sentimita 24, mwingine 25, wala haviungani. Halafu nikikaa tu, paka anapanda juu ya vitambaa. Nifanyeje?"

Dada, pole kwa kuuguza. Naomba nianze na uzi kabla ya vipimo. Mraba usiolingana hufumuliwa ukashonwa upya; uzi uliomezwa na paka mgonjwa haufumuliki.

Ulimi wa paka una vimiiba vinavyoelekea kooni. Uzi ukinasa hapo hawezi kuutema, kila akilamba anausogeza ndani zaidi. Mara nyingi ncha moja hukwama chini ya ulimi au tumboni, nyingine ikateremka kwenye utumbo. Utumbo ukijaribu kuusukuma hujikunja juu ya uzi ule kama kitambaa kinavyojikunja ukivuta uzi wa marinda, na mwisho uzi huukata. Dalili zake ni kutapika, kukataa chakula, kujikunyata. Sasa tazama: hizo hizo ndizo dalili za figo. Paka mzima akitapika mara tatu mwenye nyumba hushtuka. Wako akitapika utasema ni ugonjwa wake ule ule, siku mbili zitapita, na kumbe ni uzi. Ndiyo maana wewe unatakiwa kuwa mkali na nyuzi kuliko mshonaji mwingine.

Chukua kopo lenye kifuniko cha kusokota, liweke mkono wa kulia wa cherehani. Kila uzi unaokatwa unaingia humo papo hapo, hauangushwi sakafuni kwa nia ya kufagia baadaye. Bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, zikae ndani ya kopo la pili. Sindano za mkono na pini zihesabiwe: anza na idadi unayoijua, pini 20 kwa mfano, na kila ukiinuka ziwe 20. Ikipungua moja, paka harudi chumbani mpaka ipatikane. Sumaku ya spika mbovu ukiiburuza sakafuni huiokota upesi.

Kuna zoea moja la cherehani litakalokupunguzia nyuzi zinazoning'inia na pia kuokoa uzi. Usimalize mshono ukavuta kitambaa nje na kukata. Weka kitambaa chakavu chenye ukubwa wa nusu kiganja, kishone cha kwanza kabisa, kisha bila kukata uzi sukuma kipande chako cha kweli kifuate, halafu kingine nyuma yake, kama samaki waliotungwa kwenye ukili. Mwishoni shona tena juu ya kitambaa chakavu na ukiache hapo hapo chini ya sindano, kiguu kinachobana kitambaa kikiwa kimeshuka. Ukikimbilia jikoni hakuna ncha ya uzi inayocheza hewani kumwita paka. Tena cherehani za kukanyaga zina tabia ya kumeza uzi kwenye mishono miwili ya mwanzo na kufanya fundo chini. Fundo hilo sasa litaangukia kwenye kitambaa chakavu, si kwenye pembe ya mraba wako.

Na ukiona uzi umejitokeza mdomoni, chini ya ulimi au nyuma, usiuvute hata kidogo. Kuuvuta ndiko kunakochana utumbo. Mpeleke kwa daktari siku ile ile.

Sasa miraba. Vipande vitatu vya sentimita 10 kwa mstari, mishono miwili ya sentimita 1, vinapaswa kutoa 26. Kila mshono unakula kitambaa pande zote mbili, kwa hiyo ukizidisha milimita 2 na nusu tu, mshono mmoja umekula milimita 5 za ziada, miwili imekula sentimita nzima: ndiyo 25 yako. Ukizidisha milimita 5, unapata 24. Kosa dogo la mkono, na kwenye mfarishi wa miraba saba kwa upana tofauti inafika sentimita 7 mpaka 14. Sababu ya pili ni vipande vyenyewe. Mabaki ya fundi mengi ni ya makwapa na shingo, yamekatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari hunyooka kikivutwa. Unakata 10, unashona 10 na nusu, ukipiga pasi kinarudi kingine kabisa.

Mshono unyooshe hivi. Shusha sindano kwa mkono, pima kwa futi kamba sentimita 1 kamili kutoka kwenye sindano kwenda kulia, bandika hapo utepe wa gundi wa karatasi, ule wanaotumia mafundi rangi, tabaka tatu au nne juu ya bamba la chuma ili ukingo wa kitambaa uwe na ukuta wa kugusa. Usiangalie sindano unaposhona, angalia ukuta ule. Jaribu kwa vitambaa viwili vya sentimita 10: ukiviunganisha na kupiga pasi vitoe 18 kamili. Vikitoa 17 na nusu, sogeza utepe kuelekea sindano milimita 2 na nusu.

Lakini kwa hali yako sikushauri uendelee na tisa tisa. Kazi ile inataka macho makini na vipande vilivyokatwa sawasawa, na wewe una nusu saa kati ya mlo na mlo, na mabaki ya maumbo yote. Shona vipande juu ya kitambaa cha msingi. Njia hii inasamehe makosa, inatumia hata kipande chembamba cha vidole viwili, na unaweza kuiachia katikati bila kupoteza hesabu.

Tafuta shuka chakavu la pamba, lisiwe na ua zito. Shuka la sentimita 180 kwa 220 linatoa misingi 63 ya sentimita 24 kwa 24: saba kwa upana, tisa kwa urefu. Miraba 63 hiyo, ikipunguzwa hadi 22 na kuunganishwa kwa mshono wa sentimita 1, inakupa mfarishi wa sentimita 140 kwa 180. Sehemu za shuka zilizoisha katikati, pale miguu inapokaa, ruka. Msingi uliochakaa utachanika kabla ya kitenge.

Kabla ya kushona chambua mfuko. Vitenge vinavyopita mikononi mwa mafundi wa Mwanga na Ujiji ni mchanganyiko: pamba ya kweli na ile ya nailoni iliyochapwa maua yale yale. Chomoa nyuzi chache ukingoni, ziwashe juu ya sahani. Pamba huwaka na kuacha jivu laini, harufu kama ya karatasi. Nailoni na tetroni huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Usizichanganye na pamba kwenye mraba mmoja. Pasi inayonyoosha pamba vizuri inaikunja nailoni, na ukifua, moja inajivuta na nyingine inabaki. Satini na vitambaa vya sherehe weka kando kabisa. Kisha loweka pamba zote usiku mmoja, nyekundu na buluu iliyokolea peke yake, suuza mpaka maji yatoke meupe. Ukiwa na shaka na rangi, weka kitambaa cheupe kilicholowa juu yake na upige pasi: kikipata rangi, hicho kitenge kitachafua jirani zake. Kuloweka pia kunatoa wanga wa kiwandani, na hapo ndipo kitambaa hujivuta. Afadhali kijivute kwenye beseni kuliko kwenye mfarishi uliokwisha.

Mraba unashonwa hivi. Weka utepe wa kwanza wa kitenge, upana wowote kati ya sentimita 3 na 7, katikati ya msingi kutoka pembe hadi pembe, uso ukiangalia juu. Juu yake weka wa pili, uso kwa uso, kingo zikilingana upande mmoja. Shona ukingo huo kwenye msingi moja kwa moja, mshono wa milimita 7 hivi; hapa usahihi hauna maana, ilimradi usipungue milimita 5, maana kitenge huchakaa na mshono mwembamba utafunguka. Fungua utepe wa pili, ulaze, upige pasi au uukwaruze kwa mgongo wa mkasi mpaka mkunjo ukae. Weka wa tatu juu ya ukingo wake, endelea hadi pembe, kisha rudi katikati ufanye upande wa pili. Utepe wa pembeni kabisa usiwe mwembamba chini ya sentimita 4, kwani ukija kupunguza na kuunganisha utabaki kama kamba, na pembe nene kama hiyo huvunja sindano. Mabaki ya mshazari hapa hayana madhara, msingi unayashika yasinyooke.

Sindano iwe namba 14, na kila hatua ya sindano iwe fupi, milimita 2. Sindano mpya kila baada ya miraba kumi na tano hivi. Butu hutoa sauti ya kupiga ngoma na kuvuta nyuzi za kitenge. Chini kukiwa na vitanzi vya uzi, kosa liko juu: uzi wa juu haujapita kwenye visahani vya kukaza au umelegezwa mno. Toa uzi wote, inua kiguu, pitisha upya. Usikimbilie kufungua skrubu ya bobini, wengi huharibu hapo.

Kupunguza hadi sentimita 22 ndiko kunakofanya miraba 63 iwe ndugu. Kiolezo cha boksi kinaliwa na chaki na mkasi; kwenye mraba wa ishirini tayari kimepungua milimita 3. Nenda kwa fundi wa vioo, akukatie kioo cha milimita 5, sentimita 22 kwa 22, na akisage kingo zote. Kioo kina uzito, hakitelezi, na unaona kupitia humo mstari wa katikati kama umekaa pembe kwa pembe. Geuza mraba msingi ukiwa juu, weka kioo, chora kwa kalamu ya risasi, kata. Usikate kwa kufuata kioo na mkasi, chora kwanza. Kioo kikae ukutani mahali paka hapandi.

Ugawe muda kulingana na paka, si kulingana na hamu. Baada ya mlo paka wa figo hulala, na huo ndio muda wa cherehani: nusu saa inatosha mraba mmoja, na mkono ukizoea itakuwa miwili. Kuchora na kukata fanya usiku au asubuhi kabla hajaamka. Dripu inapoingia, usishone kabisa, wala kwa mkono. Mkono mmoja uko kwenye sindano ya dripu, paka anaweza kuruka, na sindano mbili kwenye paja moja ni ajali. Chambua rangi za utepe kwa mkono ulio huru, basi.

Kuhusu hiyo dripu, mambo matatu hukosewa mara nyingi. Chupa ipashwe ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu mpaka ukiigusa kwa ndani ya kifundo cha mkono usisikie baridi wala joto. Maji baridi chini ya ngozi yanamuumiza na kesho atakukimbia. Ununuapo, soma jina: daktari wako amesema Ringer, na duka la dawa likikosa linaweza kukupa dripu ya sukari. Hiyo haiwekwi chini ya ngozi. Rudi kwa daktari kwanza. Na uvimbe laini unaobaki mgongoni ukashuka hadi mguu wa mbele si ugonjwa, ni maji, hufyonzwa ndani ya saa kadhaa. Ikiwa uvimbe wa juzi bado upo, au anapumua kwa haraka zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa amelala, usiongeze mengine, mpigie daktari. Sindano zilizotumika zitumbukizwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, mbali na zile za kushonea.

Chakula: paka wa kilo 3 anahitaji takribani kilokalori 160 kwa siku, na gramu 100 za samaki mweupe aliyechemshwa zinatoa karibu 100. Kwa hiyo kwenye milo mitano ni kama gramu 30 kila mlo, vijiko viwili vya chakula. Kigoma dagaa ni rahisi, lakini dagaa mzima ana mifupa yenye fosforasi nyingi, na figo zake ndizo zinazoshindwa kuitoa fosforasi hiyo. Waliokaushwa wengine wana chumvi pia. Mnofu wa kuhe au migebuka bila mfupa, uliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, ni bora zaidi. Uchemshwe kweli, kwani samaki wabichi wengi huharibu vitamini B1. Changanya na ute mweupe wa yai lililoiva, na siku nyingine kuku, asile samaki peke yake. Pasha kidogo, harufu ndiyo inayomshawishi. Kitunguu na saumu ni sumu kwake hata kwenye mchuzi tu. Akikataa chochote kizuri akakubali dagaa, mpe dagaa waliochemshwa maji yakamwagwa; paka asiyekula kabisa siku mbili tatu huharibika ini, na hilo linaua upesi kuliko fosforasi.

Nyumba ya mshonaji ina hatari nyingine. Pasi ya mkaa iwashwe nje, na chumba kiwe wazi madirisha. Gesi ya mkaa haina harufu na mgonjwa aliyelala chini kwenye kona hawezi kuikimbia. Sakafu usiifute kwa Dettol, wala usimpe Panadol akionekana ana maumivu: nusu kidonge tu inatosha kumuua paka. Dawa za mbu na viroboto zenye permethrini, hata zile za mbwa, zisimguse.

Sasa hilo la kupanda juu ya vitambaa. Hafanyi utundu. Paka mzee aliyekonda hupoteza joto haraka, na rundo la vitenge lililopigwa pasi sasa hivi ndilo mahali pa joto kuliko yote nyumbani. Mpe lake. Boksi la chini, kando ya mguu wako wa kushoto, mbali na gurudumu na mkanda wa cherehani, na ndani yake kigodoro cha miraba yako minne ya kwanza, miwili kwa miwili, sentimita 40 kwa 40 ikikamilika. Mgongo wake uwe kanga iliyochakaa, katikati tabaka moja la blanketi kuukuu, na mishono ya cherehani ya kunyooka kila baada ya sentimita 8. Usifunge mafundo ya uzi wala kubandika vifungo. Paka hukanda kwa makucha na kutafuna vinavyojitokeza. Chini ya kigodoro weka chupa ya maji moto, si yanayochemka, iliyozungushwa kanga mara mbili, upande mmoja tu wa boksi ili aweze kujisogeza akisikia joto limezidi. Shona vigodoro viwili, maana mmoja utakuwa kwenye maji kila siku. Mkojo wa paka wa figo ni mwingi na mwepesi, hautoki na harufu kali, lakini ufuliwe siku ile ile.

Mfarishi mkubwa nao usifungwe kwa mafundo, hata kama ni haraka zaidi. Unganisha miraba mstari kwa mstari, mishono ifunguliwe pande mbili kwa pasi, si kulazwa upande mmoja, kwa kuwa msingi umeongeza unene. Sindano hapo iwe namba 16. Kwa joto la kandokando ya ziwa hakuna haja ya pamba ya kujazia. Shuka moja kati ya uso na mgongo linatosha hata kwa usiku wa Juni na Julai.

Daftari moja likae kwenye cherehani. Upande wa kushoto andika miraba iliyoisha, upande wa kulia uzito wake kila Jumapili kwenye mizani ya dukani, alichokula na matapishi. Gramu 100 kwa paka wa kilo 3 ni nyingi; akizipoteza ndani ya wiki, daktari ajue. Akikataa chakula saa 24, akitapika mara tatu kwa siku, au ukikosa uzi au sindano uliyoihesabu na yeye amenyong'onyea, funga cherehani uende naye, na umwambie daktari kwamba unashona. Asipolijua hilo atadhani ni figo peke yake.

Ile miraba ya tisa tisa ya 24 na 25 usiifumue. Iweke chini ya kioo cha 22, kipande cha katikati kikae katikati, ichore na kuikata kama mingine. Vya pembeni vitakuwa vyembamba kidogo kuliko cha katikati, na ukiitawanya kati ya miraba ya tepe itakaa vizuri kabisa.